Diski Isiyotazamwa na Wanaume

Asubuhi ile Naznin alipoichomeka diski kwenye kompyuta yake, haikuvuma. Siku zote ilivuma kama nyuki aliyefungiwa chupani, taa yake ya buluu ikawaka, na kazi ikaendelea. Leo ilifanya tk, tk, tk, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo ameshajua hamna watu, kisha ikanyamaza. Akaichomoa. Akaifuta kwa ncha ya mtandio. Akaichomeka tundu la upande wa pili. Tk, tk, tk, kimya.

Akakaa akaitazama. Kidude cheusi, ukubwa wake kama kisanduku cha tende, na juu yake stika ya waridi jekundu aliyoibandika mwenyewe. Ndani ya kidude kile mlikuwa na kupamba kwa Batuli.

Asiyejua kupamba kwa watu wa pwani na aelezwe. Wanaume wana nikaha yao msikitini, na picha zao huzipiga wapendavyo, hata za sahani ya pilau. Kupamba ni usiku wa wanawake. Bi arusi hukalishwa jukwaani na hina yake mpaka viwikoni, mabuibui yakavuliwa na kutundikwa, nywele zikaachwa wazi, na watu wazima wenye wajukuu wakafunga leso viunoni na kucheza chakacha mpaka ngoma yenyewe iombe radhi. Mlangoni hukaa mama mmoja na kikapu, na kila anayeingia hutia simu yake humo. Kamera inayopita ni moja tu, ya Naznin.

Ilipita kwa sababu tangu aanze kazi hii hapa Malindi hakuna picha hata moja iliyowahi kumponyoka. Utaratibu wake ulikuwa nakala moja, diski moja. Hakuweka simuni, wala huko hewani wanakoweka watu vitu vyao siku hizi. "Nakala ya pili ndiyo inayotoroka," alikuwa akisema, na wanawake wakaitikia kwa kichwa. Kadi ya kamera nayo alikuwa ameshaifuta, maana wiki ile ile alikuwa na arusi nyingine Kilifi. Kwa hiyo kila kitu cha Batuli, kuanzia udi mpaka kigelegele cha mwisho, kilikuwa chini ya lile waridi.

Na aliyekuwa akikingoja ni Bi Somoe.

Bi Somoe ndiye nyanya aliyemlea Batuli. Wiki ya arusi aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Usiku wa kupamba alilala chali chumbani kwake akisikia ngoma kutoka mtaa wa pili, akifuatisha mdundo kwa kijiko kwenye ubavu wa kitanda. Batuli alikuja kumbusu alfajiri, ameshavaa nguo za safari, akaondoka na mumewe kwenda Maskati. Bi Somoe hakuliona jukwaa wala gauni. Waliokuja kumpa pole aliwaambia, "Msinililie. Nitaona picha." Kisha akamwita Naznin, akamshika mkono, akamwapisha: picha zile zisiguswe na mwanamume wala zisitazamwe na mwanamume. "Hata mume wako Shoeb," akasema. Naznin akaapa. Na ahadi ilikuwa leo, baada ya sala ya alasiri.

Sasa Malindi ina mafundi wa kompyuta wengi, na wote wana ndevu. Picha zikipotea, jina la Naznin limekwisha. Akimpa fundi mwanamume, jina lake limekwisha vile vile. Alikuwa kama mtu aliyeweka mguu mmoja kwenye tuktuk hii na mguu wa pili kwenye tuktuk ile, na madereva wote wawili wamewasha injini.

Aliifunga diski ndani ya taulo, akaitia mkobani pamoja na kompyuta yake, akavaa buibui lake, akaenda kwa Taraben.

Taraben alikuwa na duka la leso na vitambaa mji wa kale, duka refu jembamba lenye harufu ya nguo mpya na ubani. Kule mwisho, nyuma ya mabunda ya satini, mjukuu wake Kunal alikuwa na meza yake ya ufundi, na watu waliingia na kompyuta zao wakatoka na leso ambazo hawakupanga kununua. Taraben mwenyewe alikaa na sari yake kwenye kiti cha mito mbele ya duka, mguu wa kulia juu ya kigoda, kwa ajili ya goti. Goti lile lilijulikana mtaa mzima. Kitambaa cha rafu ya juu alikipandia Kunal. Chai aliileta Kunal. Dawa ya kuchua, Kunal.

"Karibu, Bi Naznin," Kunal akasema.

"Ahsante. Nimekuletea mgonjwa." Akaliweka taulo mezani, akalifunua. Kunal akanyoosha mkono. "Usiguse."

Kunal akaurudisha mkono. "Nitaitengenezaje bila kuigusa?"

"Sijui. Ndiyo maana nimekuja kwa fundi."

Taraben akageuka kwenye kiti chake. "Ni ile ya kupamba kwa Batuli?"

"Ndiyo, Mama Taraben."

"Kunal, toka hapo. Rudi nyuma."

"Ba," Kunal akasema, maana ndivyo alivyomwita nyanya yake, "hii imezimika. Haina picha hata ya sisimizi."

"Rudi nyuma nimekwambia. Usiku ule kulikuwa na wanawake wenye heshima zao." Akamgeukia Naznin kwa upole. "Mimi mwenyewe sikukaa, unajua. Nilipeleka sahani ya mithai, nikakaa kiti cha nyuma kidogo, nikarudi mapema. Goti."

Naznin, ambaye usiku ule alikuwa nyuma ya kamera tangu mwanzo hadi mwisho, aliyatazama mabunda ya satini moja baada ya jingine na hakusema neno. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Basi wakapatana hivi: ndani ya kona, nyuma ya pazia la leso, angekaa Taraben na diski, na mikono itakayogusa ni yake. Kunal angekaa nje na kompyuta yake, na waya ungepita chini ya pazia. Yeye aseme, nyanya yake atende.

"Ba, wewe unaogopa hata rimoti," Kunal akasema.

"Rimoti siijali. Hii naijali."

Wakatundika leso. Naznin akarudi hatua mbili kuitazama, akasoma maandishi yake: Macho hayana pazia. Wakaishusha. Kunal akarusha nyingine kutoka juu ya ngazi, nayo ikasema: Mwenye macho haambiwi tazama. Taraben akamuuliza kama anafanya makusudi. Ya tatu ilikuwa Subira yavuta heri, ya waridi na zambarau, na hiyo ikakubaliwa.

"Haya, Ba. Igeuze, soma lebo ya chini."

Taraben akavaa miwani. Jina la modeli lilikuwa refu kama jina la sultani, herufi na tarakimu zimesukumana, naye akalisoma polepole, akirudia kila mahali alipotilia shaka. Kunal akatafuta kwenye kompyuta. Baada ya muda akacheka kwa furaha.

"Ugonjwa wake unajulikana. Sikilizeni. Kila diski ina programu yake ndogo ya kuzaliwa nayo, ndani kabisa. Ndiyo inayoiambia izunguke lini, ilale lini, na vitu vyake imeviweka wapi. Modeli hii ilitoka kiwandani na programu yenye kasoro. Diski inalala, na ikishalala inasahau kuamka."

"Kama babu yako," Taraben akasema nyuma ya leso.

"Picha zote zimo, hazijaguswa. Na dawa ipo, wameitoa waliotengeneza diski. Unaiingiza kupitia waya, inasahihisha ile programu, basi."

Naznin akaketi kwenye kibao. Kunal akabofya. Wakangoja. Kompyuta ikatoa mlio mfupi wa kukataa. Akabofya tena, ikakataa tena.

"Ajabu," Kunal akasema. "Lebo inasema ni hii. Kompyuta nayo nikiiuliza inasema ni hii. Lakini dawa imeingia, imechungulia, inasema huyu si mgonjwa wangu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kuna njia ya kuilazimisha."

"Na ukiilazimisha?"

Kunal akajikuna shingo. "Ikiwa lebo ni ya kweli, inapona sasa hivi. Ikiwa si ya kweli, nitakuwa nimetia akili ya diski nyingine kichwani mwake. Haitajua tena ilichoweka wala ilipoweka. Hapo hata mafundi wa Mombasa watakupa pole tu."

Naznin hakuwahi kujibu, kwa sababu wakati huo tuktuk ilisimama mbele ya duka, na ndani yake alikuwa Bi Somoe.

Alikuwa amechoka kungoja. Alikwenda nyumbani kwa Naznin akaambiwa na jirani, na Malindi mtu hafichi alipo. Lakini kumshusha Bi Somoe kwenye tuktuk kulikuwa shughuli yenye mpangilio. Kwanza ulitoka mkongojo wake wa miguu minne. Kisha mto wa kukalia, kisha mto wa mgongo. Kisha chupa ya chai. Kisha dereva, Dzombo, kijana wa Ganze mwenye subira, akampa mkono huu, akaambiwa si huo, akampa ule.

Naznin alisimama kati ya mlango na pazia. Muda ulikuwepo. Angeweza kumwambia Kunal kwa sauti ya chini, lazimisha, na kama bahati ingekuwa yake, diski ingevuma kabla Bi Somoe hajatia mguu dukani, na mzee wa watu asingejua kamwe. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Kunal alikuwa akimtazama, kidole juu ya kitufe.

Nje, Bi Somoe alikuwa amesimama, akiinyoosha leso yake. Naznin akaona kuwa ni leso mpya, na kwamba amejipaka wanja. Amejipamba kama mtu anayekwenda arusini.

"Usiilazimishe," Naznin akasema. Akatoka mlangoni.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja mwenyewe. Niliona jua linachelewa makusudi."

"Bi Somoe, diski imeharibika tangu asubuhi. Picha zimo ndani lakini hazitoki. Hakuna mwanamume aliyeigusa hapa. Lakini sijui kama zitatoka."

Dzombo akaangalia magurudumu ya tuktuk yake, kwa adabu.

"Imekufa?" Bi Somoe akauliza.

"Fundi anasema imelala."

"Na mimi nilipoteleza walisema nimekufa. Nilikuwa nimekasirika tu." Akausogeza mkongojo. "Niingizeni."

Wakamkalisha nyuma ya leso, ubavuni kwa Taraben. Wakasalimiana, wakaulizana nyonga na goti, nyonga ikashinda. Kisha Bi Somoe akanyoosha mikono yote miwili. "Nipeni nimpakate mjukuu wangu."

Naznin akamwekea diski mapajani. Akainama kuutengeneza waya usije ukavutika, na akiwa ameinama hivyo akaliona lile waridi vizuri. Bua lilikuwa limeelekea juu. Yeye kila diski aliibandika kwa namna moja, bua liangalie waya, kama ua linavyokaa kwenye chupa. Waridi hili lilikuwa limesimama kichwa chini, na kona moja imekunjamana.

"Hili si ganda langu," akasema.

Akatoa simu, akampigia mumewe, akaifungulia sauti, akaiweka juu ya bunda la satini.

Shoeb alikuwa na duka la misumari na rangi karibu na soko, naye alipokea huku akimwambia mtu kwamba msumari wa inchi tatu hauwi wa nne kwa kuombwa.

"Shoeb, ile diski yangu yenye waridi. Lilipolegea tundu la waya nilikuachia mezani imevaa soksi, tundu tu limechungulia, ukanitengenezea."

"Nikatengeneza. Inafanya kazi, si ulisema?"

"Nakuuliza ulitengenezaje."

Sauti ya mwenye kutaka msumari ilisikika nyuma yake. "Tundu halikutengenezeka," Shoeb akasema. "Nikaihamisha."

"Ukahamisha nini?"

"Diski yenyewe. Niliitoa kwenye ganda lake, nikaitia kwenye ganda la ile iliyokuwa ya kamera za dukani. Ile ilishakufa, ganda lilikuwa zima. Maganda yanafanana, Naznin. Stika nikaibandua kwa mvuke wa birika, nikakurudishia."

"Kichwa chini."

"Sikuona."

"Basi sikiliza vizuri. Ile diski ya ndani, ulipoitoa, lebo yake ilikuwa ya modeli gani?"

"Ningeisomaje? Nilikuwa nimefumba macho."

Nje ya pazia, Kunal aliuma mkono wa shati lake.

"Ulifumba macho," Naznin akasema.

"Si mliapishana asitazame mwanamume? Nilijifunga taulo usoni. Nilijidunga bisibisi kidoleni mara mbili, wallahi, na sikulalamika."

Bi Somoe akaiinamia simu. "Na mikono, Shoeb? Niliapisha na mikono."

Sauti ya Shoeb ikabadilika, ikawa ya mtoto wa madrasa. "Shikamoo, Bi Somoe. Nilivaa glovu. Zile za kuoshea vyombo."

"Marahaba." Bi Somoe akaegemea nyuma. "Akili hana," akamwambia Taraben, "lakini dini anayo."

Kunal alikuwa amesimama sasa, uso wake unawaka. "Ndiyo maana. Ganda lina kidude chake cha ndani. Kompyuta ikiuliza nani huko, ganda ndilo linalojibu, linataja jina lake lenyewe. Diski ya watu imekaa kimya mle ndani, haijaulizwa."

"Kama marehemu mume wangu," Bi Somoe akasema. "Mtu akija kuniuliza mimi hali, anajibu yeye."

Sasa ikabidi ganda lifunguliwe, na mikono ni ile ile ya Taraben. Kunal akaipitisha bisibisi chini ya pazia na kuanza kuhubiri: skrubu ziko chini ya vile viguu vya mpira, Ba, vibandue. Hapana, usivitie mdomoni. Zungusha kushoto. Kushoto ni upande wa saa yako. Taraben alifanya kazi ulimi ukiwa nje kidogo, na kila skrubu iliyotoka ilipokewa na Bi Somoe kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Ganda likaachia kwa mlio mdogo, kama korosho.

Ndani mlikuwa na diski nyingine kabisa kwa sura, nyembamba zaidi, na lebo yake mwenyewe, nyeupe safi. Ubavuni mlikuwa na tone la damu lililokauka. Shoeb hakuwa amesema uongo.

Taraben akasoma. Herufi nyingine, tarakimu nyingine. Kunal akatafuta, na safari hii hakucheka, alishusha pumzi.

"Kiwanda kimoja. Ni ndugu yake, baba mmoja mama mbali mbali. Huyu naye ana ugonjwa wa usingizi, lakini dawa yake ni tofauti. Ile ya kwanza kama ningemnywesha kwa nguvu..."

"Usimalizie," Naznin akasema.

Kunal akapitisha waya mwingine chini ya leso, wa kuchomeka kwenye diski moja kwa moja, bila ganda la kuwasemea watu. Taraben akachomeka. Kunal akabofya, akasema sasa hakuna kugusa, hakuna kusogeza kiti, na Dzombo, ambaye alikuwa bado mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia akae, akaenda kuizima tuktuk isije ikatikisa ardhi. Walikaa. Mteja aliingia akataka leso ya Subira yavuta heri, akaambiwa iko kazini.

Kwanza ilikuja tk moja. Naznin akafumba macho. Kisha ikaja vuuu, taratibu, ikapanda, ikatulia, nyuki ndani ya chupa.

Hakuna aliyepiga kelele. Bi Somoe alisema alhamdulillahi kwa sauti ndogo, na Taraben akaiondoa mikono yake kwenye diski kama mtu anayemlaza mtoto.

Naznin akafungua kompyuta yake mwenyewe upande wa ndani wa pazia, akachomeka, akaanza na pale Batuli anapoingia. Mlango unafunguliwa, moshi wa udi, kisha gauni la kijani na dhahabu, na wanawake wawili wanamshika viwiko asikanyage pindo. Batuli alipokalishwa jukwaani na mikono ikawekwa juu ya mto ionekane hina, Bi Somoe akasema, "Simamisha hapo." Naznin akasimamisha. Bi Somoe akaitazama ile mikono muda mrefu.

"Ni ya mama yake," akasema. "Endelea."

"Bi Naznin," Kunal akaita kutoka nje, "nataka kujua tu kama picha zinakwenda bila kukatika. Jaribuni na za mwisho mwisho."

"Hazikatiki," Taraben akajibu haraka. "Zimepona. Zima, mwanangu Naznin, tusiichoshe."

"Usizime," Bi Somoe akasema. "Fundi amesema za mwisho."

Naznin akasogeza mbele. Ngoma ikajaa dukani, ile ngoma Bi Somoe aliyoisikia akiwa kitandani na kijiko. Wanawake wamefanya duara. Katikati ya duara, leso imefungwa kiunoni juu ya sari, mikono hewani, anashuka chini kwa mdundo, anashuka, anashuka zaidi, mpaka waliomzunguka wanapiga kelele za kumhofia, kisha anapanda juu kwa mdundo ule ule bila kushikwa na mtu.

Kiti cha Bi Somoe kilianza kutetemeka kwa kicheko.

"Ba," Kunal akasema, "kuna nini?"

"Hakuna. Kuna mtu anacheza."

"Nani?"

Bi Somoe alijifuta machozi kwa leso mpya, wanja ukasambaa mpaka shavuni. "Kunal, mwanangu."

"Naam, Nyanya."

"Goti la nyanya yako linalouma ni lipi?"

"La kulia."

"Dawa unayomletea ni chupa ngapi?"

"Moja kila wiki."

"Endelea kumletea, baba. Dawa hiyo ni nzuri sana. Na mimi niletee, kwa ajili ya nyonga."

Taraben alikuwa ametazama ukutani. "Naznin," akasema kwa sauti ya chini, "kipande hicho nitakuomba ukifute."

"Kipande gani, Mama Taraben?" Naznin akauliza, akiwa ameshalibandua lile waridi na kuligeuza, bua likaangalia waya. "Mimi nimeona umekaa kiti cha nyuma, ukarudi mapema."